Kujitolea Kuwasaidia Manusura wa Ukatili wa Kingono Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaofikiria kujitolea kama wahudumu rika, yaani kuwasikiliza manusura wanaoandika kuomba msaada, na kwa wale ambao tayari wako kwenye zamu. Si lazima uyasome kwa mfuatano. Pale jibu moja linapogusa jingine, utaelekezwa.

## Mambo ya msingi

Ukatili wa kingono mtandaoni ni nini hasa?

Ni tendo lolote la kingono analofanyiwa mtu bila ridhaa yake kupitia simu, kompyuta au intaneti. Linalosikika zaidi ni kusambaziwa picha au video za faragha, lakini yako mengi: kutishiwa kusambaziwa picha ili utoe pesa, utume picha nyingine au urudiane na mtu, kurekodiwa kwa siri bafuni au kitandani, kutengenezewa picha bandia za utupu kwa akili unde (AI), kutumiwa picha za sehemu za siri ambazo hukuziomba, kufunguliwa akaunti ya uongo inayotangaza kuwa unauza mwili, namba yako ya simu ikiwa imebandikwa hapo hapo.

Watu hudhani kwamba kwa kuwa hakuna aliyeguswa, madhara ni madogo. Muulize manusura atakueleza. Tendo la ana kwa ana lina mwanzo na mwisho; hili hurudiwa kila mara mtu mwingine anapofungua picha ile, na mwenye picha hajui ni nani kati ya wale anaosalimiana nao kila asubuhi ameshaiona.

Msaada wa rika una tofauti gani na ushauri nasaha?

Mshauri nasaha amesomea kazi yake, ana kibali, na anaweza kuongozana na mtu kwa miezi. Mhudumu rika ni mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi, anayesikiliza, anayezijua njia za kuondoa picha na kutunza ushahidi, na anayejua nani wa kumwelekeza kwake mtu akihitaji zaidi. Hafanyi uchunguzi wa ugonjwa, hatoi tiba, hatoi ushauri wa kisheria.

Wanaoanza huiona mipaka hii kama upungufu. Kwa maoni yetu ndiyo nguvu yenyewe ya kazi hii. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake hahitaji mtu mwingine wa kumwamulia, hata awe na nia njema kiasi gani. Anahitaji mtu wa kumwekea njia zote mezani, amweleze kila moja inaelekea wapi, kisha amwachie achague. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Je, lazima niwe nimewahi kufanyiwa ukatili huu?

Hapana, ingawa baadhi ya juhudi zinazojulikana zaidi duniani zilianzishwa na waliopitia wenyewe. Holly Jacobs wa Marekani, ambaye picha zake zilisambazwa bila ridhaa yake, alianzisha shirika la Cyber Civil Rights Initiative. Olimpia Coral Melo wa Meksiko alifanyiwa hivyo hivyo akiwa kijana, akapigania mabadiliko ya sheria yanayojulikana nchini kwake kwa jina lake.

Kuwa umepitia hukupa kitu kimoja ambacho mafunzo hayakipi: huhitaji kuelezwa kwa nini mtu anaiangalia simu yake kila dakika. Lakini hukuletea pia hatari ya kudhani kwamba yaliyokufaa wewe yatamfaa kila mtu. Tazama swali la kusimulia yaliyokupata.

Kuna wakati sifai kujitolea?

Ndiyo, na haimaanishi kwamba hutafaa kamwe. Ikiwa kesi yako bado iko mahakamani, ikiwa aliyekutesa bado anakufuata, au ikiwa hulali vizuri kwa sababu ya yaliyokupata, subiri. Pia kama unachotafuta ni kuwakamata wahalifu, hapa si mahali pake. Wako wanaokuja na hasira ya haki, wakagundua kwamba kazi yenyewe ni kukaa kimya na mtu anayelia, halafu kumsaidia kujaza fomu.

Mafunzo yanahusu nini?

Sehemu kubwa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake walitoa mwongozo wake mwaka 2011, na kiini chake ni vitendo vitatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Yaliyobaki ni taratibu za kuripoti picha kwenye mitandao, namna ya kutunza ushahidi, kanuni za siri, na mazoezi ya mazungumzo ambapo mmoja huigiza manusura na mwingine mhudumu. Mazoezi hayo hakuna anayeyapenda, na hakuna yanayosaidia kuyapita.

Wanaume nao huandika?

Wengi, hasa vijana wa kiume wanaotishiwa ili watoe pesa. Mara nyingi huanza kwa kusema wanamuulizia rafiki. Usiwaumbue. Jibu kuhusu "rafiki" huyo kwa uzito ule ule. Wengine hufika katikati ya mazungumzo wakaanza kusema "mimi" bila kutangaza.

## Mazungumzo yenyewe

Mtu ameniandikia kwa mara ya kwanza. Nianzie wapi?

Tuseme ujumbe unasema hivi: "Picha zangu ziko kwenye grupu. Sijui nifanye nini." Jibu la kwanza linaweza kuwa hivi:

"Pole sana kwa hili. Umefanya vyema kuandika. Mimi ni mhudumu wa kujitolea na niko na wewe kwa saa nzima ijayo. Kabla hatujaendelea: uko mahali salama sasa hivi? Na simu hii unaitumia peke yako?"

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Pole inatangulia kabla ya swali lolote. Unajitambulisha wewe ni nani ili asidhani anaongea na polisi au mwanasheria. Unataja muda, kwa sababu mtu aliye katika hofu huogopa kuachwa katikati. Swali la usalama linakuja kabla ya kuulizia picha, kwani kama mtesaji ndiye anayeishika simu hiyo usiku, kila mnachoandika atakisoma. (Tazama swali la simu inayochunguzwa.)

Baada ya hapo muulize: "Ungependa tuanze na lipi?" Wengine wanataka picha ziondolewe papo hapo. Wengine wanataka tu kumwambia mtu.

Nimwite nani?

Jina alilojipa, hata kama ni la bandia. Usikisie "dada" wala "kaka" kabla hujajua yeye ni nani. Na usimwite "mpenzi," "mrembo" wala "kipenzi," hata kama unawaita hivyo marafiki zako wote. Mara nyingi ndivyo alivyoitwa na yule aliyemlaghai.

Ni maneno gani niyaepuke?

Maswali ya "kwa nini": kwa nini ulituma, kwa nini ulimwamini, kwa nini hukusema mapema. Hata ukiyauliza kwa upole, anasikia hukumu. Epuka pia "ningekuwa wewe," "angalau hawakukubaka," na ahadi usizoweza kuzitimiza, kama vile "zitafutika zote."

Methali nazo zina mahali pake. "Yaliyopita si ndwele" humfaa mtu aliyemaliza ugomvi na jirani. Hapa jambo halijapita. Huenda wakati mnaongea kuna mtu anaipakua picha ile.

Amenyamaza ghafla. Nifanyeje?

Utaona alama ya "anaandika" ikitokea, ikipotea, ikitokea tena. Mwache. Anaandika na kufuta. Zikipita dakika kadhaa mwandikie mstari mmoja: "Bado nipo. Hakuna haraka." Usirundike maswali, usitume alama za kuuliza. Akiondoka bila kuaga, na kama mlikubaliana kwamba ni salama kumwandikia, muachie ujumbe mfupi wa kumweleza namna ya kurudi. Kama hamkukubaliana, usimfuate. Ujumbe unaotokea kwenye skrini iliyofungwa unaweza kumtia matatani.

Anajilaumu kwa sababu alizituma picha mwenyewe. Nimjibuje?

Hili ndilo linalorudi kuliko yote. Atakuambia mwenyewe kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa nyumbani au ndivyo anavyotarajia kuambiwa.

Usikimbilie kumbishia kwa hotuba. Tenganisha mambo mawili yaliyochanganywa. Kumtumia picha mtu uliyemwamini ni jambo moja, na ulilikubali. Kuisambaza kwa watu wengine ni jambo la pili, na hilo hukuulizwa. Ridhaa ya la kwanza haizai ridhaa ya la pili. Unaweza kumwandikia: "Ulimkubalia yeye aione. Nani alikuuliza kuhusu wale wengine?" Kisha mwache alijibu mwenyewe. Mara nyingi atajilaumu tena baada ya dakika tano. Ni kawaida. Lawama iliyopandwa na watu wengi haing'olewi na mtu mmoja kwenye kikao kimoja.

Nimsimulie yaliyonipata mimi?

Akikuuliza kama umewahi kupitia, unaweza kujibu kwa sentensi moja ya kweli, kisha urudi kwake: "Ndiyo, nilipitia jambo linalofanana. Ndiyo maana niko hapa. Lakini tuongee yako." Ukijikuta umeandika aya tatu kuhusu wewe, yeye ndiye amegeuka kuwa mhudumu.

Nimwombe anionyeshe picha ili niamini?

Hapana. Kamwe. Kazi yako si kuthibitisha, na hakuna hatua yoyote ya msaada inayohitaji wewe uione picha yenyewe. Kila jicho la ziada ni jeraha la ziada. Akitaka kukutumia bila kuombwa, mwambie mapema kwamba hahitaji, na kwamba anwani ya ukurasa au maelezo ya maneno yanatosha. Kwa picha za watoto suala ni zito zaidi. Tazama swali lake hapa chini.

## Picha, ushahidi na kuondoa

Tuanze kuondoa picha au kutunza ushahidi?

Ushahidi kwanza, ikiwa ana nguvu za kufanya hivyo. Picha ikishaondolewa na mtandao, ukurasa wake hupotea na hakuna cha kuonyesha. Kazi hii huchukua muda mfupi ikifanywa kwa mpango.

Apige picha ya skrini inayoonyesha anwani kamili ya ukurasa, tarehe na saa, na jina la mtumiaji la akaunti iliyochapisha. Jina la mtumiaji ni lile la kipekee ambalo mara nyingi huanza na alama ya @. Lile la maonyesho linaweza kubadilishwa mara kumi kwa siku na halisaidii sana. Anwani yenyewe ainakili kama maandishi pia, kwa sababu anwani iliyo ndani ya picha haibonyezeki. Mazungumzo ya vitisho ayahifadhi kuanzia mwanzo, siyo kipande kibaya peke yake. Kama ujumbe umewekwa ujifute baada ya muda, hilo ndilo la haraka kuliko yote.

Hamu ya kwanza ya wengi ni kufuta akaunti yao nzima. Mwambie asubiri. Akifuta, mazungumzo yenye vitisho yanaweza kwenda nayo. Anaweza kuifunga akaunti kwa muda na kuificha orodha ya marafiki.

Na kama hawezi kuitazama tena picha hiyo hata kwa sekunde moja? Basi mtu anayemwamini amfanyie, au mruke hatua hii. Afya yake ni kubwa kuliko faili la kesi ambayo huenda hataki kuifungua.

StopNCII ni nini, na inafanyaje kazi bila kuiona picha?

Ni huduma ya bure iliyozinduliwa Desemba 2021 na shirika la Uingereza, SWGfL, lile lile linaloendesha laini ya msaada kwa waliosambaziwa picha. Ni kwa watu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Manusura huichagua picha iliyo kwenye simu yake, na simu yenyewe huitengenezea msururu wa herufi na tarakimu unaoitambulisha picha hiyo, mfano wa alama ya kidole. Picha haitoki kwenye simu. Kinachotumwa ni ile alama tu, na kampuni zinazoshiriki, zikiwemo zinazomiliki Facebook, Instagram na TikTok, huilinganisha na picha zinazopakiwa kwao.

Uzuri wake ni kwamba inaweza kutumika kabla picha haijasambaa, wakati bado ni tishio. Udhaifu wake useme wazi. Anahitaji kuwa na nakala ya picha. Tovuti zisizoshiriki hazizuiliki. Picha iliyokatwa au kubadilishwa sana inaweza kupita bila kutambuliwa. Ndani ya mazungumzo ya faragha yaliyosimbwa, yaani yasiyosomeka na mwingine ila wanaoongea, haifiki. Akimaliza atapewa namba ya kesi na namba ya siri; azihifadhi zote mbili, kwani bila hizo hawezi kuifuatilia kesi yake.

Picha inatokea mtu akitafuta jina lake. Hilo nalo linaondoleka?

Google ina fomu ya kuomba picha za faragha zilizowekwa bila ridhaa ziondolewe kwenye matokeo ya utafutaji, zikiwemo zile bandia. Mweleze tofauti: fomu hiyo huondoa njia ya kuifikia picha, lakini picha inabaki kwenye tovuti iliyoiweka. Hata hivyo, kwa mtu anayeomba kazi, kusafishwa kwa jina lake ni nafuu kubwa.

Picha ni bandia, imetengenezwa kwa akili unde. Bado inahesabika?

Ndiyo. Uso ni wake, jina ni lake, na wanaoitazama hawajui tofauti. Taratibu za kuripoti zilizotajwa hapo juu zinazipokea pia. Marekani ilipitisha sheria mwezi Mei 2025 inayozitaka kampuni za mitandao kuondoa picha za faragha zisizo na ridhaa, za kweli na za bandia, ndani ya saa 48 baada ya kuombwa na mhusika. Umoja wa Ulaya nao uliliweka jambo hili kwenye maelekezo yake ya mwaka 2024 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake.

Angalia usije ukasema "lakini si wewe kweli." Unadhani unamfariji, kumbe unamwambia hana sababu ya kulia.

Aliye kwenye picha ana umri chini ya miaka 18. Kinabadilika nini?

Karibu kila kitu. Picha ya utupu ya mtoto ni kosa la jinai kuimiliki au kuituma katika nchi nyingi, na nia yako njema haikulindi. Usiipokee, usiihifadhi, usipige picha ya skrini, usimtumie mratibu wa kikundi chenu "aione tu." Ikikufikia bila kuiomba, usiisambaze, mjulishe mratibu mara moja kwa maneno, na fuata utaratibu wa kuripoti wa nchi yako.

Kwa kuondoa kuna huduma iitwayo Take It Down ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, NCMEC, iliyozinduliwa Februari 2023. Inafanya kazi kwa njia ile ile ya alama, ni bure, na mtu hahitaji kutaja jina. Mtu mzima ambaye picha yake ilipigwa kabla hajafikisha miaka 18 anaweza kuitumia pia.

Anatishiwa: "lipa au nawatumia ndugu zako wote." Nimwambie nini?

Mara nyingi atakuonyesha picha ya skrini aliyotumiwa: orodha ya wafuasi wake, jina la mama yake likiwa limezungushiwa duara nyekundu. Ametishwa hasa. Saa inahesabiwa: "una dakika 10."

Mpunguzie mwendo. Mweleze kwamba wahalifu hawa hutishia watu wengi kwa mkupuo, na kwamba malipo mara nyingi hufuatwa na dai kubwa zaidi, kwa sababu aliyelipa amejionyesha kuwa ni mlipaji. Ushauri unaotolewa na vyombo vingi vya usalama ni mmoja: usilipe, usitume picha nyingine, tunza ushahidi, acha kujibu, mzuie, ripoti akaunti. Kisha atumie StopNCII au Take It Down kulingana na umri wake.

Kama ameshalipa, usimkaripie. Atunze risiti ya muamala na awasiliane haraka na benki au kampuni ya simu. Wakati mwingine fedha huzuilika. Na muulize swali moja zaidi: kuna mtu mmoja wa karibu ambaye angependa asikie kutoka kwake kwanza, kabla ya kusikia kwa mhalifu? Tishio hula siri. Mtu mmoja akishajua, nusu ya makali yake imeisha.

Katika hali hii vijana wadogo wamewahi kujiua ndani ya saa chache. Soma swali la mtu anayesema anataka kufa kabla hujaanza zamu yako ya kwanza, usisubiri ulihitaji.

Nimshauri aende polisi?

Mweleze, usimsukume. Ziko nchi ambazo sheria iko wazi upande wake, na ziko ambazo sheria za maudhui machafu zinaweza kumgeukia yeye aliyepiga picha. Ndiyo maana mwanasheria au shirika la msaada wa kisheria ni bora litangulie kama linapatikana. Akiamua kwenda, msaidie kuandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa mpangilio wa tarehe, ili asilazimike kuyasimulia upya kwa kila ofisa. Akiamua kutokwenda, huo ndio uamuzi, na mazungumzo yenu yanaendelea kama kawaida.

## Hali ngumu

Anasema anataka kufa.

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humpa nafasi ya kulitaja. Kisha: ana mpango? Ana kifaa au dawa karibu? Kuna mtu nyumbani? Mjulishe mratibu wakati huo huo, usingoje mwisho wa mazungumzo. Mwombe amwite mtu aliye karibu na mpe namba ya dharura ya mahali alipo. Hapa ndipo ahadi ya siri inapofikia ukomo, na alipaswa kuambiwa hivyo tangu mwanzo.

Usiahidi kukesha naye peke yako.

Mtesaji anaishi naye au anaichunguza simu yake.

Silika ya wengi ni kumwambia abadilishe nywila zote leo. Ngoja kwanza. Mtesaji anayezoea kusoma ujumbe wake ataona mlango umefungwa, na ghadhabu inaweza kumshukia usiku huo. Mipango ifanyike kwenye kifaa kingine ambacho mtesaji hakigusi, akiwa mahali pengine. Mkubaliane neno la kawaida litakalomaanisha "si mimi ninayeandika" au "acha sasa." Wakati ukifika, akague vifaa vilivyounganishwa na akaunti zake za ujumbe na mahali picha zake zinapohifadhiwa mtandaoni, mara nyingi hakuna udukuzi wowote, ni kompyuta ya zamani ya nyumbani ambayo haikuwahi kutolewa kwenye akaunti.

Mzazi ameandika kwa niaba ya mwanawe. Naongea na nani?

Na mzazi, kuhusu mzazi. Ana hofu yake na hasira yake, na wakati mwingine ameshampokonya mtoto simu kama adhabu. Msaidie apoe kwanza. Simu ina ushahidi, na mtoto aliyeadhibiwa kwa kusema hatasema tena. Mtoto akitaka kuongea mwenyewe, fuata utaratibu wa ulinzi wa watoto wa kikundi chenu. Mhudumu asiye na mafunzo hayo humkabidhi aliyenayo.

Mtoto ananiomba nisimwambie mtu yeyote.

Usiahidi. Mwambie kwa lugha rahisi kwamba mambo yanayohatarisha maisha yake itabidi umweleze mkubwa anayehusika, na kwamba utamweleza yeye kwanza kabla hujafanya hivyo. Mruhusu achague mkubwa huyo kadiri inavyowezekana. Mara nyingi kumbe ana shangazi au mwalimu mmoja kichwani, anaogopa tu namna ya kuanza.

Nimegundua namfahamu manusura, au mtuhumiwa.

Mkabidhi mwenzako zamu hiyo hapo hapo, bila kueleza sababu kwa undani. Usiitumie habari uliyoipata. Ukikutana na mtu huyo, hujui kitu.

Nina wasiwasi kwamba anayeandika ndiye mtesaji mwenyewe.

Hutokea: mtu hujifanya manusura ili ajue yule aliyeteswa naye ameshasema nini. Dalili yake kubwa ni kwamba anaulizia taarifa za mtu mwingine kuliko msaada wake mwenyewe. Kanuni moja inatosha kukulinda: usithibitishe wala usikanushe kwamba mtu fulani amewahi kuwasiliana nanyi, hata kwa anayejitambulisha kama mume, dada au ofisa.

Manusura anataka tumdukue mhalifu au tumwanike.

Hasira yake ni halali. Usifanye, na usimwelekeze anayefanya. Kumwanika mtu kunaweza kuharibu kesi, kumfungulia manusura kesi ya kuchafua jina, na kumpa mhalifu sababu ya kusambaza zaidi. Akiamua kusimulia hadharani yaliyompata, hilo ni jambo jingine na ni haki yake; msaidie kupima muda na nani atakuwa naye siku hiyo.

## Kujilinda wewe

Nitumie jina langu na namba yangu?

Hapana. Jina la zamu, akaunti ya kikundi, na kifaa ambacho hakionyeshi picha yako. Wahalifu huwatafuta wanaowasaidia manusura.

Tunatunza kumbukumbu gani?

Chache iwezekanavyo: tarehe, aina ya tatizo, hatua zilizochukuliwa. Hakuna jina halisi, hakuna picha, hakuna nakala ya mazungumzo kwenye simu yako binafsi. Msijadili kesi kwenye kundi la wahudumu, hata mkificha jina. Maelezo matatu madogo yanatosha mtu kumtambua jirani yake.

Nimeanza kuota niliyoyasoma. Ni kawaida?

Ni kawaida, na usiinyamazie. Kusikiliza machungu ya watu kila wiki huacha alama. Wengine hukosa usingizi, wengine huanza kuwashuku wapenzi wao, wengine huacha kuhisi chochote, na hawa wa mwisho ndio hujidanganya kwamba wamezoea. Mwambie mratibu. Punguza zamu au zisimamishe. Kikundi kisicho na mtu wa kuwasikiliza wahudumu wake hakijawa tayari kuwasikiliza wengine, na tungekushauri usijiunge nacho.

Amenizoea mimi tu, hataki mhudumu mwingine.

Inapendeza masikioni, ndiyo maana ni hatari. Mkumbushe kwamba zamu ni za kupokezana, mtambulishe mwenzako mkiwa bado mnaongea, na uandike mbele yake yale anayokubali mwenzako ayajue ili asianze upya. Usimpe namba yako hata mara moja "kwa dharura tu."

Nataka kuacha. Nifanyeje?

Mjulishe mratibu mapema ili waliokuwa wanaongea nawe wapate kukabidhiwa vizuri. Waage wewe mwenyewe kwa ujumbe mfupi usio na maelezo marefu: zamu yangu inaisha tarehe fulani, atakayeendelea nawe ni fulani. Siku ya mwisho ondoka kwenye makundi ya kazi, futa chochote kilichobaki kwenye kifaa chako, na uhakikishe nywila za akaunti ya kikundi zimebadilishwa. Ukitaka kurudi baadaye, ziko kazi zisizo za mazungumzo: kupanga zamu, kuhakiki kama fomu za kuripoti bado zinafanya kazi, kutafsiri maelekezo.